Pole kwa Kuuguliwa: Maongezi ya Benchi kwa Daktari wa Mifugo, Tabora

Kwenye benchi la nje ya kliniki ya mifugo hapa Tabora, wagonjwa wengi hawapo. Ng'ombe amebaki zizini Uyui au Sikonge, mbuzi amefungwa nyuma ya nyumba Ipuli, na kilichofika kwa daktari ni mwenye mali na maelezo yake. Mzee ana chupa ya dawa iliyobaki robo kwenye mfuko wa koti. Mama ana ndoo yenye mfuniko, ndani kuna kuku wawili waliokufa alfajiri. Kijana ana video kwenye simu. Paka aliye ndani ya tenga na mbwa aliyefungwa kamba ya katani ndio wagonjwa pekee waliokuja wenyewe.

Ndiyo maana maongezi ya pale benchini yana uzito kuliko watu wanavyodhani. Kabla mtu hajaitwa ndani, ameshasimulia ugonjwa mara mbili tatu kwa aliokaa nao, na kila anaposimulia, maelezo yananyooka au yanapinda. Akiwa jirani na mtu anayeuliza vizuri, anaingia kwa daktari na historia kamili. Akiwa jirani na mjuaji, anaingia na jina la ugonjwa alilopewa nje, na yale aliyoyaona kwa macho yake ameshayasahau.

Huanza salamu, na hapa salamu hairukwi. Mkubwa apewe shikamoo yake. Kwa Mnyamwezi au Msukuma, “Mwangaluka” ya asubuhi au “Mwadila” ya mchana inafungua maongezi upesi, hata kama lugha yenyewe unaishia hapo hapo. Kisha: “Pole kwa kuuguliwa.” Wapo wanaoona haya kumpa mtu pole kwa ajili ya mbuzi. Wasione haya. Mbuzi yule huenda ndiye sare na madaftari ya Januari, na aliyembeba kwenye bodaboda kutoka Kiloleni hajaja kutembea.

Swali moja liachwe kabisa: “Una ng'ombe wangapi?” Kwa mfugaji wa huku hilo ni swali la kumpekua mfukoni, tena mbele ya watu asiowajua. Muulize wangapi wanaumwa. Idadi ya kundi zima daktari ataihitaji kweli, kwa sababu ng'ombe watatu kati ya watano na watatu kati ya themanini ni habari mbili tofauti, lakini hilo ataliuliza mwenyewe mlango ukiwa umefungwa.

Kabla ya maneno, nafasi. Tenga la kuku lisikae karibu na tenga la mwingine, wala lisipokezanwe kwa mikono ya watu wanne. Mdondo, yaani kideri cha kuku, husafiri kwenye kinyesi, manyoya, viatu na matenga, na mtu aliyeleta kuku mmoja mwenye vidonda vya ndui anaweza kurudi nyumbani na ugonjwa wa pili. Mbwa anayeharisha damu asubiri nje kabisa, mbali na njia, na mwenye kitoto cha mbwa ambacho hakijamaliza chanjo akipakate, asikiweke chini. Kirusi cha parvo, kinacholeta kuharisha huko, hukaa kwenye udongo miezi mingi na sabuni ya kawaida haikiui. Jiki hukiua, kipimo kimoja kwa vipimo thelathini vya maji, baada ya uchafu wenyewe kuondolewa. Paka afunikwe tenga lake kwa khanga au taulo. Asipoona mbwa, hatatulia moja kwa moja, lakini hupunguza kurukaruka.

Mbwa wetu wengi hawajazoea kufungwa, wala hawajazoea watu wageni. Usimpapase kichwani, usimkazie macho. Muulize mwenyewe kwanza, simama ubavu, mwache akunuse. Mwenye mbwa naye akumbuke kwamba Tabora ni mji wenye Waislamu wengi. Mate ya mbwa yakimgusa mtu aliyekwisha kutawadha, au nguo yake ya swala, umemuongezea kazi ya kuosha mara saba. Kamba iwe fupi na mbwa akae upande wa pili wa miguu yako. Ukilazimika kumfunga mdomo, kipande cha khanga chenye urefu wa mita moja kinatosha: fundo moja juu ya pua, zungusha, fundo la pili chini ya kidevu, kisha peleka ncha nyuma ya masikio na funga kwa fundo la kufyatuka. Iwe kwa dakika chache tu, na kamwe usimfunge mbwa anayetapika au anayehema kwa shida, kwa sababu mbwa hupoza mwili kwa mdomo wazi.

Sasa maongezi yenyewe. Maswali yanayomsaidia mwenzako ni yale yale atakayoulizwa ndani, na faida ya kuulizwa benchini ni kwamba ana muda wa kukumbuka au kupiga simu nyumbani. Alianza lini kukataa chakula, jana au tangu Jumapili? Nani anayemchunga, na yeye alisema nini? Kinyesi kikoje? Mkojo una rangi gani? Anatoa maziwa? Kuna aliyekufa? Kuna mnyama mgeni aliyeingia zizini mwezi huu, kutoka mnadani au mahari? Mara ya mwisho kuogeshwa dawa ya kupe ilikuwa lini? Amepewa dawa gani, kiasi gani, na nani? Hili la mwisho watu hulificha ndani kwa kuogopa kugombezwa, na benchini hulisema wazi. Mhimize akaliseme. Dawa iliyotangulia inaweza kubadilisha dalili na hata majibu ya damu, na daktari asiyeijua anaweza kurudia ile ile iliyoshindwa.

Swali la malisho linastahili kuulizwa peke yake huku kwetu. Mifugo inayochungwa pembezoni mwa misitu ya miombo, kuelekea Sikonge, Urambo au Kaliua, inakutana na ndorobo, yaani mbung'o, na mnyama anayekonda polepole huku anakula, macho yanatoka machozi na manyoya yamesimama, anahitaji kupimwa damu kwa ajili ya nagana, ugonjwa unaoenezwa na ndorobo hao. Mwenye ng'ombe hawezi kujua kwamba jambo hilo ni muhimu kama hajaulizwa. Kwake malisho ni malisho.

Hapo ndipo mjuaji wa benchi huingia na “hiyo ni ndigana.” Tatizo ni kwamba ndigana ziko mbili na hazitibiwi kwa dawa moja. Ndigana kali huletwa na kupe wa masikioni. Tezi za chini ya sikio na za mbele ya bega huvimba, homa hupanda hadi nyuzi 40 au zaidi, na mwisho mnyama huhema kwa shida na povu kutoka puani. Ndigana baridi humfanya ng'ombe apauke ufizi au uwe wa njano, kinyesi kikauke, nguvu ziishe, na mkojo haubadiliki kuwa mwekundu. Mkojo ukiwa mwekundu kama chai ya rangi, fikra huhamia kwenye ugonjwa wa tatu, ambao pia huletwa na kupe. Oksitetrasaiklini, ile watu wanayoiita OTC, hutibu ndigana baridi. Ndigana kali iliyokwisha kushika haiponi kwa hiyo. Inataka dawa nyingine, na kila siku inayopotea inapunguza nafasi ya kupona. Mtu aliyeambiwa “ndigana, mchome OTC” na kuamua kutoka kwenye foleni aende duka la dawa amepoteza siku mbili, na ng'ombe.

Tena OTC yenyewe iko ya asilimia 10 na ya asilimia 20. Ya kwanza ina miligramu 100 kwa kila mililita, ya pili ina 200, na ile ya kukaa muda mrefu mwilini hairudiwi kila siku kama nyingine. Watu wawili wanaweza kusifiana dawa kwa dakika ishirini huku kila mmoja ana chupa tofauti kichwani. Chupa ikiwepo, isome naye: jina la dawa yenyewe, nguvu yake, tarehe ya kuisha, muda wa kusubiri kabla ya kunywa maziwa au kula nyama. Kama imebaki nyumbani, apigiwe mtu atume picha ya lebo. Hiyo ni kazi nzuri ya jirani wa benchi, hasa kwa mzee ambaye simu yake haina picha.

Kuna ushauri ambao ukiusikia benchini inabidi uingilie, hata kama humjui msemaji. Wa kwanza ni panadoli kwa paka. Ini la paka haliwezi kuivunja dawa hiyo. Kidonge kimoja cha miligramu 500 kinaweza kumuua paka mzima, na kabla ya hapo ufizi hugeuka rangi ya kahawia na uso kuvimba. Wa pili ni kumpaka paka dawa ya kupe ya ng'ombe. Nyingi za kuogeshea zina saipamethrini au deltamethrini, ambazo ng'ombe huzimudu, lakini paka hutetemeka, hutokwa udenda, kisha degedege. Paka aliyekwisha kupakwa aoshwe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, na apishwe aingie kwanza. Wa tatu ni dawa ya minyoo kwa mbuzi mwenye mimba changa: albendazoli haifai katika mwezi wa kwanza wa mimba kwa sababu huweza kulemaza kijusi. Sema kwa upole. “Samahani kaka, hiyo kwa paka ni sumu, tumuulize daktari kwanza.” Mtu akikatwa maneno mbele ya watu huutetea ushauri wake kwa sababu ya heshima, na mwenye paka anaondoka na wazo lile lile.

Halafu kuna maneno ambayo yakitajwa, maongezi mengine yasimame. Mtu akisema, kana kwamba anapita tu, “mbwa huyu alimng'ata mtoto wa jirani juzi,” au “amebadilika, anang'ata hata mawe,” uliza mtoto yuko wapi. Kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika kumi na tano, hata kama siku imepita, na mtoto apelekwe hospitali leo, asisubiri kuona mbwa atakuwaje. Kusiwekwe majivu, pilipili wala kitunguu swaumu. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu hakina tiba, lakini chanjo ikianza mapema na kumalizwa awamu zote huzuia. Kawaida dalili huchukua miezi miwili au mitatu kujitokeza, na wakati mwingine wiki tu au mwaka, na muda huo mrefu ndio unaowadanganya watu kwamba mambo yamepita. Mbwa mwenyewe, kama ni mzima kwa kumtazama, hufungiwa na kuangaliwa siku 10. Kama ameshabadilika tabia, asiletwe benchini kabisa. Afungiwe alipo na daktari au afisa mifugo wa kata apigiwe simu. Anayemleta kwa bodaboda anamhatarisha dereva na foleni nzima.

Jambo jingine la kusimamisha maongezi ni kimeta. Huja kwa sura ya habari njema: ng'ombe alianguka ghafla, damu ilimtoka puani na nyuma, haikuganda, na nyama iligawanywa isiharibike. Mtu aliyesikia hivyo amwambie msemaji, pembeni, kwamba hilo daktari alisikie kabla ya kitu kingine chochote, na waliokula au kuchuna wakapimwe. Mzoga wa namna hiyo haufunguliwi, kwa sababu vimelea vikipata hewa hugeuka kuwa mbegu zinazokaa udongoni miongo mingi. Kuna Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya mwaka 2003, na kutoa taarifa ni wajibu, lakini pale benchini kutaja sheria huwafunga watu midomo. Taja watoto waliokula nyama.

Masikio ya benchi yana faida nyingine ambayo hata daktari hana. Yeye humwona mmoja mmoja. Benchi linawaona wote kwa pamoja. Watu watatu wa Ng'ambo wakija asubuhi moja, kila mmoja na kuku wanaohara kijani, mabawa yamelegea, shingo zimepinda, basi aliyekaa katikati yao ndiye wa kwanza kujua kwamba mdondo umeingia mtaani. Amwambie daktari hivyo hivyo: watu wangapi, mtaa gani, tangu lini. Msimu wake ni kiangazi, kuelekea mvua za Novemba, na kwenye kundi lisilochanjwa unaweza kufagia karibu wote. Kuku wa uchunguzi wawe wawili au watatu, wanaoumwa au waliokufa saa chache tu, kwenye ndoo yenye mfuniko. Aliyekufa jana na kushinda juani hasemi kitu tena. Asigandishwe kwenye friza pia, apoozwe tu. Kama daktari atataka vipimo zaidi, Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania, TVLA, ana kituo hapa Tabora, na sampuli iliyofika mbichi ndiyo inayojibu.

Foleni ya kliniki ya mifugo haiendi kwa kufika tu. Mbuzi aliyevimba ubavu wa kushoto mpaka umekaza kama ngoma hana nusu saa ya kusubiri. Mbwa anayesukuma nusu saa bila kutoa mtoto, mnyama aliyeng'atwa na nyoka, aliyekula sumu ya panya, anayevuja damu: hao wapishwe. Aliyeleta paka kwa chanjo ndiye wa kwanza kusema “tangulia wewe,” kwa sababu wenye wagonjwa wa kawaida hungojeana nani aanze. Na mwenye mbwa anayepata degedege ashikiwe simu, mbwa arekodiwe sekunde ishirini au thelathini mwanzo mpaka mwisho. Ndani, mbwa huyo atakuwa amesimama anatikisa mkia, na daktari hatakuwa na cha kuona.

Mara nyingine mtu hutoka ndani na tenga tupu, au na kamba mkononi bila mbwa. Mpishe akae. “Pole sana” inatosha. “Ni mbwa tu” na “utapata mwingine” ni maneno yanayomuumiza, hasa mtoto, na mtoto wa miaka tisa aliyemlisha mbwa yule matobolwa yake (viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa) kila jioni anajua kwamba hatapata yule. Kama ana swali, mara nyingi ni moja: je, ningewahi? Usilijibu. Hukuwapo ndani.

Kuhusu fedha, uliza na ujibu waziwazi, ila taja ulilipia nini. “Nililipa elfu fulani” bila kusema uzito wa mnyama, idadi ya sindano na kama daktari alifuata nyumbani, humfanya mwenzako aingie akidhani anaibiwa. Dozi hupimwa kwa kilo. Maksai wa Igunga na mbuzi wa kilo ishirini na tano hawawezi kulipiwa sawa.

Na jambo zuri kuliko yote ambalo benchi linaweza kuzaa ni kuchanga chanjo ya kuku. Chupa moja ya chanjo ya mdondo inatosha kuku wengi kuliko walio nyumba moja, na ikishafunguliwa imalizwe siku ile ile. Mwenye kuku kumi na wawili huona hasara, huacha, kisha kiangazi kinamkuta. Watu wanne wa mtaa mmoja wakipatana pale pale, hasara inaisha. Hesabuni kuku wote pamoja na vifaranga, chagueni siku moja, tena jioni, kuku wakiwa wameingia bandani na jua limepoa. Chanjo ya I-2, inayotengenezwa na TVLA hapa nchini, inavumilia joto kuliko nyingine, lakini kuvumilia kuna mwisho: ibebwe kwenye kiboksi chenye barafu au ifunikwe kitambaa kibichi, isikae kwenye dashibodi ya bajaji. Tone moja kwenye jicho moja, msubiri kuku apepese ndipo umwachie. Tone likimwagika shavuni, rudia. Anayechanja aanze na nyumba zenye kuku wazima, avue viatu au avioshe kabla ya kuingia banda jingine, na nyumba yenye kuku wanaoumwa isiingizwe kwenye mzunguko kabisa. Kuku aliyekwisha kuambukizwa haponi kwa chanjo, na aliyechanjwa leo anahitaji wiki moja hadi mbili kupata kinga. Kuku wakifa siku ya nne watu husema chanjo imewaua, na mwaka unaofuata hakuna anayechanga. Elezaneni hilo kabla ya kutoa hela. Baada ya miezi mitatu mnarudia, kwa hiyo mmoja wenu, mwenye simu isiyozimika, aandike namba za wote na tarehe.